Siku steling alipokufa Mnyambe

Na Mwandishi Wetu, Newala

*Kwenye vibanda umiza vya uwanda wa Makonde watu wanaitazama Othello bila kulijua jina lake, na wanatoka macho mekundu. Mwalimu wa fasihi anasema wamekosa nusu ya utamu. Mwenye kibanda anasema utamu wote walishaupata.*

LANGDA Tyagi amekwisha kumwaga sumu yake yote, na ndani ya kibanda kimoja cha Mnyambe, Jumapili hii, hakuna anayetafuna korosho tena. Ni usiku wa harusi. Bibi harusi, Dolly, yuko kwenye kitanda cha bembea. Mumewe, Omkara, ameshika mto.

Msimulizi aliyebandika Kiswahili juu ya Kihindi ananyamaza. Kwenye benchi la mbele kijana mmoja wa bodaboda, helmeti mapajani, anaanza kumkanya Omkara kwa sauti: dada wa watu hana kosa, amsikilize kwanza. Mlangoni amesimama mama mwenye beseni la mabibo kichwani, amesahau alikokuwa anakwenda.

Omkara hasikilizi. Dolly anakufa, na muda si mrefu Omkara naye anajipiga risasi. Turubai la mlangoni linafunguliwa, jua la Novemba linaingia, na bado watu wamekaa.

Ukitaka kuelewa kwa nini hawakuinuka, ijue kwanza sheria ya kibanda: steling, yaani mhusika mkuu wa picha, hafi. Anapigwa, anatekwa, anadondoshwa kutoka ghorofani, lakini mwisho wa picha yeye ndiye anayebaki amesimama. Mtoto wa darasa la tatu anaijua sheria hiyo, na ndiyo inayompa moyo wa kuvumilia wakati jambazi anatamba. Jumapili ile ilivunjwa mbele ya macho yao. Steling alikufa, tena alikufa akiwa amemuua mke asiye na hatia.

Nje, chini ya mkorosho, niliwauliza kama wamewahi kusikia habari za mtu aitwaye Othello. Hakuna. Shakespeare walimjua wawili, kwa jina tu, kutoka sekondari.

Nyuma ya picha kuna mchezo

Omkara ni filamu ya mwongozaji wa India, Vishal Bhardwaj, iliyotoka Julai 2006. Ajay Devgn ndiye Omkara, Kareena Kapoor ndiye Dolly, na Saif Ali Khan ndiye Langda, yule kiguru mwenye kinyongo. Kisa chake kimetoka katika Othello ya William Shakespeare, tamthilia ambayo kumbukumbu ya kwanza ya kuchezwa kwake ni ya tarehe 1 Novemba 1604, mbele ya Mfalme James jijini London.

Mkasa wenyewe ni mwepesi kuusimulia. Mkubwa anampandisha cheo kijana mmoja na kumruka mwingine. Aliyerukwa hashiki panga. Anatumia maneno, kidogo kidogo, mpaka mkubwa yule anaamini kwamba mke wake ana uhusiano na huyo aliyepandishwa.

Bhardwaj aliutoa mkasa huo Venisi akaupeleka Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, kwa wababe wa siasa wanaotembea na bunduki. Mwaka 2003 alikuwa ameshafanya hivyo kwa Macbeth katika filamu ya Maqbool, na mwaka 2014 akaifanyia Hamlet katika Haider.

Wengine wamepita njia hiyo hiyo. The Lion King ya 1994, ambayo kwetu ilipendwa mara moja kwa kuwa simba wake anaitwa Simba na nyani wake anaitwa Rafiki, imeegemea kwenye Hamlet: mfalme anauawa na ndugu yake, mtoto anakimbia, na mzimu wa baba unamkumbusha wajibu wake. Ram-Leela ya Sanjay Leela Bhansali, ya mwaka 2013, ni Romeo na Juliet waliohamia Gujarat. Hakuna aliyewahi kudaiwa cheti cha kidato cha sita mlangoni mwa kibanda ili azione.

Mwalimu na mbinja za kibandani

Mwalimu mmoja wa fasihi ya Kiingereza, anayefundisha sekondari wilayani Newala na aliyeomba jina lake lisitajwe, hakubali kwamba hilo latosha. Hoja yake ni kwamba asiyeujua mchezo anaona matukio tu, haoni uamuzi wa aliyeitengeneza filamu. Akanipa mfano wa Indu.

Katika tamthilia, mke wa yule mchonganishi anaitwa Emilia. Yeye ndiye anayesimama mbele ya watu na kusema ukweli, na kwa ukweli huo mumewe anamchoma na kumuua. Mume huyo, Iago, habaki na roho tu. Anakataa kueleza kwa nini alifanya aliyoyafanya, anafunga mdomo, na mchezo unakwisha akiwa hai, anasubiri kuteswa.

Katika Omkara mwanamke huyo ni Indu, aliyechezwa na Konkona Sen Sharma. Yeye hafi. Anaijua hila ya mume wake, anashika silaha na kumkata koo kwa mkono wake mwenyewe.

Kibandani Mnyambe kitendo hicho kilipokewa kwa mbinja na makofi. Mwalimu alinisikiliza nikimsimulia, kisha akasema mbinja hizo ni nzuri lakini zimepungua. Aliyeisoma Othello anajua kwamba mwanamke huyu amekuwa akifa jukwaani kwa miaka 400 huku muuaji wake akibaki mzima. Anapomwona Indu amesimama na damu mkononi, anaona deni la miaka yote hiyo likilipwa.

Hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Starehe hiyo ipo, ni kubwa, na hailetwi na kiingilio peke yake.

> *Aliyeisoma Othello anaona deni la miaka 400 likilipwa kwa mkono wa Indu.*

Kuna jambo zito zaidi ambalo mwalimu aliligusa juu juu, na mimi silikubali lipite hivyo. Othello wa Shakespeare ni mtu mweusi, mwenye asili ya Afrika, jemadari wa jeshi la Venisi, aliyeoa binti wa mheshimiwa wa Kizungu bila ridhaa ya baba. Chuki dhidi ya rangi yake inaanza kutamkwa kabla hata yeye mwenyewe hajatokea jukwaani. Bhardwaj, kwa sababu zinazoeleweka za nchi yake, aliligeuza hilo kuwa suala la tabaka: Omkara mama yake ni wa tabaka la chini, na hilo linamfuata kila anapokwenda.

Kwa mtazamaji wa Mumbai mageuzi hayo ni sahihi kabisa. Kwa kijana wa Mnyambe yana gharama. Ameondoka kibandani akiwa amemlilia Mhindi, bila kuambiwa kwamba mtu yule, pale kisa kilipokuwa cha Shakespeare, alikuwa mweusi kama yeye.

Kiunoni hakuhitaji tafsiri

Lakini mizani hii ina upande wa pili, nao una uzito ambao walimu wengi hawaupimi.

Kinachomponza Desdemona, mke wa Othello, ni kitambaa cha mkononi, zawadi ya kwanza aliyopewa na mumewe. Kinaokotwa, kinapelekwa kwa mwanamume mwingine, na kinakuwa ushahidi. Wasomaji wa Kiingereza wenyewe wamekuwa wakikitilia shaka tangu zamani. Mkosoaji Thomas Rymer aliukejeli mchezo huo mwaka 1693, akishangaa kelele zote hizo juu ya kitambaa.

Bhardwaj akaweka mkufu wa kiunoni. Ni urithi wa ukoo, Omkara anampa Dolly, Indu anauchukua, Langda anaufikisha kwa Kesu, yule kijana aliyepandishwa cheo, na Kesu anampa Billo, mwanamke mcheza ngoma. Omkara anauona kwenye mwili wa Billo.

Ndani ya kibanda hapo ndipo wanawake walipoguna wote kwa pamoja, kabla msimulizi hajatamka neno. Pwani na kusini yote, kinachovaliwa kiunoni ni siri ya mke na mume. Binti anafundishwa maana yake na makungwi, na shanga hizo hazianikwi uani. Kuziona za mkeo kiunoni mwa mwingine, tena hadharani, ni jambo ambalo baraza zima la wazee lingeshindwa kulituliza.

Kwa hiyo nani aliielewa zaidi nukta hii ya mkasa? Msomi wa London mwenye Othello mkononi tangu utotoni, anayehitaji maelezo ya chini ya ukurasa ili akubali kwamba kitambaa kinaweza kuua, au mama wa Mnyambe aliyeguna? Mimi namweka mama mbele. Mwongozaji wa India, bila kujua, alitengeneza kwa ajili yake.

Waliotangulia nao hawakusoma

Dai kwamba usome kwanza ndipo utazame lina udhaifu mwingine, nao umo ndani ya historia ya mchezo wenyewe. Othello ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1622. Shakespeare alikuwa amekufa mwaka 1616. Maana yake ni kwamba kwa miaka 18 tangu kumbukumbu ile ya kwanza ya kuchezwa, hapakuwa na kitabu cha Othello cha kununua. Mafundi viatu, wanafunzi wa kazi za mikono na wachuuzi waliolipa peni moja kusimama uwanjani kwenye ukumbi wa Globe waliingia kama walivyoingia watu wa Mnyambe: hawakujua kitakachotokea.

Na Shakespeare mwenyewe alikuwa mkopaji. Kisa cha Othello alikitoa kwa Mwitaliano Cinthio, aliyekichapisha mwaka 1565. Romeo na Juliet alikitoa katika shairi la Arthur Brooke la 1562, ambalo nalo lilitoka Italia. Ukimfuata kila mtu hadi chanzo chake, hutaingia kibandani kamwe.

Mwenye kibanda niliyezungumza naye hajali historia hiyo, ila anafika mahali hapo hapo kwa njia ya biashara. Alinieleza kwamba akitangaza kuwa leo ni mchezo wa Shakespeare, watu watadhani ni shule, watarudi kijiweni. Anatangaza mapenzi, wivu na bunduki. Wakitoka wamelia, kesho yake wanakuja na wenzao.

Wazazi nao wana lao. Malalamiko dhidi ya vibanda hapa ni yale yale ya nchi nzima: watoto wanaingia saa za masomo, na picha zisizowafaa zinaonyeshwa mchana kweupe. Ni malalamiko ya haki. Hayahusu Othello, lakini yanaeleza kwa nini shule na kibanda havisalimiani.

Sauti iliyo juu ya sauti

Katikati ya filamu na benchi yupo mtu wa tatu, ambaye bila yeye hakuna ambacho kingeeleweka. Ni msimulizi, anayeitwa pia mtafsiri au DJ. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, ni mmoja wa walioipa kazi hii heshima Tanzania. Kenya wanaye DJ Afro.

Msimulizi mzuri hafasiri sentensi kwa sentensi. Anaeleza kabila la mtu, anakumbusha yaliyopita, anamkaripia jambazi, ananyamaza panapostahili. Yule wa Omkara niliyemsikia alimpachika Langda jina la Kiguru, na mapema kabisa akawaonya watu wamwangalie sana mtu huyu kwa kuwa ndiye atakayewaliza.

Baadhi ya walimu wanaona hiyo ni kuharibu. Lakini Romeo na Juliet inaanza vivyo hivyo: anatoka msemaji, na kabla mtu yeyote hajachomoa upanga anawaambia watazamaji kwamba wapenzi hawa wawili watakufa. Shakespeare hakuogopa kuutoa mwisho mapema. Alijua watu wanakuja kuona jambo linavyowafika watu, hatua kwa hatua, hata kama wanajua linakokwenda.

Hilo linawagusa wote wanaobishana. Wanaosema asiyejua ndiye mwenye raha kwa kuwa mwisho unamshtukiza, wamesema nusu. Kijana wa bodaboda alipoanza kumkanya Omkara, alikuwa ameshaonywa kitakachotokea. Alikanya hivyo hivyo.

Kuna doa moja hapa. Sauti hizi hubandikwa mara nyingi bila ridhaa ya wenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimpi mtu ruhusa hiyo. Shakespeare hana anachodai, lakini Bhardwaj anacho. Wasimulizi ni wasanii, na ningependa kuona kazi yao ikitambuliwa kwa mikataba badala ya kujificha.

Uwanjani kwa mapiko

Kutazama bila kujua si jambo geni huku. Katika mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, aliyevaa kinyago hafahamiki kwa ambao hawajaingia jandoni, na wanawake kwa desturi humpokea kama kiumbe aliyetoka pengine. Hao hao ndio wanaokimbizwa, ndio wanaopiga vigelegele, na bila wao ngoma hainogi. Aliyeingizwa kwenye siri anatazama miguu ya mchezaji na kumtambua. Asiyeingizwa anaogopa na kucheka. Wote wamo uwanja mmoja. Sitakwenda mbali zaidi ya hapo, kwani mambo ya jandoni yana wenyewe.

Wamakonde wanaujua pia uchungu wa upande mwingine, wa kuwa chanzo kisichotajwa. Sindimba imechezwa kwenye majukwaa ya taifa na kwenye sherehe za shule kutoka Kagera hadi Unguja, na wengi wanaoicheza hawajui Newala iko wapi wala ngoma hiyo ilikuwa na kazi gani jandoni na unyagoni kabla haijapandishwa jukwaani. Wanaifurahia kwa haki yao. Lakini mzee wa hapa anapoiona kwenye runinga ikiitwa ngoma ya asili tu, bila kutaja ya nani, anakunja uso.

> *Asiyejua chanzo hajafanya kosa lolote. Mwenye deni ni yule anayejua na hamwambii.*

Rafu iliyo tupu

Tuseme kijana yule wa bodaboda anataka kuijua Othello. Atakwenda wapi?

Kusini si ugenini kwa vitabu hivi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, na elimu ilitangulia hapa kuliko sehemu nyingi za bara. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alisomea Kiingereza Makerere na kuhitimu mwaka 1962 kabla ya mambo mengine yote yaliyompeleka Ikulu.

Shakespeare naye alifasiriwa kwa Kiswahili mapema. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena kama Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka huo huo wa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi akatoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969, kisha akamfasiri Sophocles katika Mfalme Edipode. Nchi changa, katika muda usiofika miaka 10, ilikuwa imeziweka tamthilia hizo katika lugha ya mtu wa kawaida.

Leo nenda Newala mjini ukaulize Makbeth dukani. Utapewa madaftari.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu, ingawa namheshimu. Anataka vijana wasome kabla ya kutazama. Kwa hali ilivyo, agizo hilo linawafungia mlango, maana cha kusoma hakipo. Mlango ulio wazi ni kibanda. Wakishalia kwa ajili ya Dolly ndipo wanapokuwa tayari kuambiwa habari za Desdemona, na mtu wa kuwaambia ni yeye. Filamu na kitabu vikiwekwa meza moja darasani, swali la kwa nini Indu anaua na Emilia anauawa linatosha vipindi viwili bila mwanafunzi kusinzia.

Sheria ya nchi ilishaviweka pamoja zamani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inazisimamia sanaa hizi mbili kwa pamoja. Ni sisi tuliozitenganisha, moja ikaenda shuleni kuwa mtihani, nyingine ikaenda mtaani kuwa starehe.

Hasara kubwa ya utengano huo imeziangukia tamthilia zetu wenyewe. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Maji Maji, vita vilivyofika mpaka hapa: misheni ya Masasi ilichomwa moto mwaka 1905. Ngoswe ya Edwin Semzaba, ya mwaka 1988, ina ulevi, mapenzi na karani wa sensa aliyesahau kazi, mambo ambayo benchi la mbele lingeyashangilia kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wanazikariri kwa ajili ya mtihani, kisha jioni wanakwenda kumtazama Omkara.

Othello haina mwenyewe tena, kwa kuwa sheria yetu inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kijana yeyote wa Newala mwenye kamera anaweza kesho kumfanya jemadari kuwa mnunuzi wa korosho Kitangari, na Iago kuwa karani wa ghala aliyerukwa cheo, asimwombe mtu ruhusa. Kinjeketile na Ngoswe zina wenyewe. Anayetaka kuzipeleka kwenye skrini lazima aketi na wenye haki, waelewane bei, watie saini. Watengenezaji filamu wa Dar es Salaam wanaolia kila mwaka kwamba hawana hadithi waende kwanza kwenye meza hiyo, na mkataba wa kwanza ningetaka uwe wa Kinjeketile.